Marehemu Yuko Njiani

Tulimwacha Generosa kando ya soko la Kashaulili, jua la saa sita likimpiga utosini, macho yake yakiwa yameganda kwenye kioo cha simu. Maneno yaliyomgandisha yalikuwa machache: *Arcade yuko njiani kukuchukua.*

Arcade alikuwa amezikwa kwenye makaburi ya Litapunga, nje ya mji, miezi mitatu iliyopita. Generosa mwenyewe alitupa udongo kaburini, akanawa mikono, akala chakula cha msibani.

Na sasa alama ndogo ya pikipiki ilikuwa inatambaa juu ya ramani, inakata kona, inamjia.

Hakuondoka pale. Kwa cheo, Generosa alikuwa afisa wa leseni za usafirishaji mjini Mpanda. Kwa damu, alikuwa mlezi wa Queen, binti wa marehemu dada yake. Ijumaa jioni Queen aliita pikipiki kwa simu akitoka sokoni, kwa akaunti iliyounganishwa na ya Generosa. Taarifa ikamfikia Generosa nyumbani: *Queen anasafiri na Arcade.* Baadaye ikafuata nyingine: *Safari imekamilika.* Queen hakufika. Leo ilikuwa Jumatano, na kitanda chake kilikuwa bado kimetandikwa.

Kampuni ya Tufike, yenye programu hiyo ya kuitia pikipiki, ilipoulizwa ilijibu kwa adabu kubwa kwamba yenyewe haina pikipiki wala dereva; atafutwe mwenye akaunti.

Basi Generosa alikuwa amefungua safari ya Ijumaa katika simu yake, akabonyeza palipoandikwa *Omba dereva huyuhuyu*, na marehemu akakubali.

Pikipiki ilisimama mbele yake.

Dereva alivaa reflekta ya kijani iliyochanika begani. Kofia yake ngumu ilikuwa na mkwaruzo mrefu upande wa kushoto. Generosa aliutambua mkwaruzo ule. Mwaka mzima Arcade alimpeleka Queen shule akiwa na kofia hiyo, na Queen alizoea kuupitishia kidole akisubiri safari ianze.

"Vua kofia," alisema Generosa.

"Panda kwanza, dada. Watu wanatutazama."

"Nimesema vua."

Kioo cha kofia kikapanda. Ndani yake palikuwa na macho ya Pontien, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda cha Makanyagio, mtu aliyelibeba jeneza la Arcade upande wa kichwani.

Generosa alishusha pumzi, lakini haikuwa ya nafuu. Mzimu angeweza kumwogopa. Jirani alipaswa kumhoji.

"Queen yuko wapi, Pontien?"

"Sijui, dada. Nakuapia mbele ya Mungu, sijui."

"Lakini wewe ndiye Arcade."

"Leo, ndiyo," alijibu Pontien kwa sauti ya chini. "Jana alikuwa Claude. Kesho ni zamu ya mwingine. Panda, nikuonyeshe."

* * *

Kijiweni Makanyagio pikipiki zilikuwa zimepangwa kwa mstari, na katikati ya mstari palikuwa na nafasi tupu. Katika nafasi hiyo lilikaa jiwe lililopakwa chokaa. Hakuna aliyeegesha juu yake, hakuna aliyelivuka.

"Marehemu karudi na abiria," alisema Claude, kijana mwenye mdomo mwepesi, akiwa amelalia tangi la pikipiki yake. "Sisi wazima tumekaa tangu asubuhi hata mbuzi hajatuita. Huyu bwana nyota yake haizikiki."

"Nyamaza wewe," alisema Pontien.

"Nimekosea wapi? Mkewe mwenyewe ana nguvu kuliko sisi. Kila siku hotpoti kubwa begani, anapeleka Litapunga, utadhani ana vibarua ishirini kule shamba."

Watu walicheka kidogo. Walipomwona Generosa hacheki, wakaacha.

Pontien alieleza. Kijiwe kile kilikuwa na desturi iliyotangulia simu hizi. Mwenzao akifa, nafasi yake katika foleni haifutwi mpaka mwaka utimie. Zamu yake inapofika, mmoja wao hupakia abiria kwa jina lake, na kinachopatikana hupelekwa kwa mjane. Waliwafanyia hivyo waliotangulia, na mitaa yote iliwasifu. Kisha Tufike ikaja na foleni yake isiyoonekana, nao wakaona si haki kumwacha Arcade nje ya foleni hiyo mpya. Polisi walikuwa wamemrudishia mjane simu iliyookotwa kwenye ajali. Kijiwe kikaichukua, kikaiwasha, kikaendelea.

Ulikuwa wema, na nani angewalaumu? Lakini wema huo ulimtoa mfu barabarani, ukampa abiria.

"Programu inataka uso wa dereva kila asubuhi," alisema Generosa. "Mtu ajipige picha ndipo ifunguke. Mnapitaje?"

Pontien alikwepa macho yake.

"Uso tunao," alisema.

* * *

Nyumba ya Candide, mjane wa Arcade, haikuwa mbali na kijiwe. Majirani walimwita Mama Spès, kwa jina la mwanawe. Alikuwa uani anafunika hotpoti kwa kitambaa alipowaona, akasimama wima.

"Karibu, Mama Queen. Kuna habari za mtoto?"

"Hakuna."

"Mungu ni mwema," alisema Candide. Akawatangulia ndani, kama mtu aliyekwishajua walichofuata.

Ukutani mwa sebule ilining'inia fremu kubwa iliyofunikwa kitenge. Pontien alivua viatu, akakiondoa kitenge taratibu.

Arcade aliwatazama. Ilikuwa picha ile ile iliyotangulia mbele ya jeneza, uso mkubwa kama uso wa mtu mzima aliyesimama dirishani. Hakuwa na picha nyingine nzuri maishani mwake isipokuwa ile aliyojipiga siku ya kujiandikisha Tufike. Ndugu waliipeleka studio Kashaulili, ikakuzwa kwa ajili ya mazishi.

"Kila asubuhi mwenye zamu anakuja hapa," alisema Pontien. "Anamsalimia Mama Spès. Anafunua. Anaielekeza simu kwenye uso. Inamkubali."

"Inamkubali nani?"

"Arcade. Inamtakia kazi njema."

Generosa aliutazama uso ule, mabati juu yao yakilia kwa joto. Katika rasimu ya masharti ya kampuni kama Tufike aliyoiandika kwa mkono wake, na ambayo ingejadiliwa alasiri ile ile, lilikuwamo sharti la tisa: kampuni ihakikishe kwamba anayemchukua abiria ndiye aliyeandikishwa, na iwajibike kwa abiria huyo tangu apande hadi ashuke. Wakubwa wake walilisoma wakamwambia amezidisha hofu.

"Ijumaa zamu ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Hapo ndipo ninapokosa usingizi," alijibu Pontien. "Arcade alikufa siku ya Ijumaa. Ijumaa haguswi. Simu inazimwa Alhamisi jioni, kitenge kinabaki palepale. Ijumaa iliyopita simu ilikuwa mfukoni mwangu, imezimwa, nami nilikuwa kwenye ibada. Wenzangu walikuwapo, waulize."

"Basi nani alimchukua mtoto wangu?"

Candide aliinua mkono kama anataka kulifuta vumbi kwenye fremu, kisha akaushusha.

"Mimi nilikuwa Litapunga," alisema bila kuulizwa. "Niliporudi picha ilikuwa imefunikwa kama nilivyoiacha."

Generosa alisimama.

"Pontien, saa nane kuna kikao cha masharti ya kampuni hizi za mtandaoni. Mwakilishi wa Tufike ametoka Dar es Salaam. Nitasema niliyoyaona."

"Ukisema, dada, wanatufungia wote. Si akaunti ya marehemu tu. Kijiwe kizima. Tutakula nini? Mama Spès atakula nini?"

"Nisiposema, mtu anayeendesha kwa jina la marehemu ataendelea kuendesha. Queen atakuwa wa kwanza tu."

"Sisi tulimhurumia mwenzetu. Wale wa kampuni ndio watakaotoka hapo wameoshwa, na sisi tutaitwa matapeli."

Alikuwa anasema kweli, na Generosa alijua. Akaondoka kwenda ukumbini.

* * *

Kwenye ngazi za ukumbi wa Kashaulili alisubiriwa na kijana mwenye shati jeupe na tabasamu lililozoea mikutano. Alikuwa Innocent, mwakilishi wa Tufike.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa suala la binti."

"Marahaba. Ijumaa mfumo wenu ulipokea uso wa dereva kabla ya safari ile. Nauomba."

"Upo," alisema Innocent, akiigonga kompyuta aliyoikumbatia. "Uso wa dereva na mahali picha ilipopigwa. Tatizo ni utaratibu. Ombi linakwenda makao makuu kwa maandishi, linapitia kwa wanasheria. Huchukua wiki, wakati mwingine zaidi."

"Mtoto amepotea tangu Ijumaa."

"Najua, ndiyo maana nakusubiri hapa nje." Sauti yake ilishuka. "Lile sharti la tisa, mama. Likisomeka kwamba kampuni *itajitahidi* badala ya *itawajibika*, mimi nitaona tumeelewana. Naweza kukufungulia sasa hivi, hapa hapa kwenye ngazi. Neno moja tu."

Neno moja. Generosa alilitazama neno hilo kama mtu anayetazama ufunguo sakafuni. Alimwona Queen, na kile kidole chake juu ya mkwaruzo wa kofia. Je, sharti lingemfaa nani ikiwa mtoto hayupo? Nani angemcheka mama aliyeuza mstari mmoja wa karatasi?

Alifungua kinywa kukubali.

"Dada Genero."

Pontien alikuwa chini ya ngazi. Amevua reflekta. Kwapani amebeba kitu kikubwa bapa kilichofunikwa kitenge, na nyuma yake, hatua chache, alikuwa Candide.

"Nimefikiri," alisema Pontien. "Kila asubuhi namwamsha yule mtu kama ninavyomwamsha mgonjwa. Anaamka, ananitazama, hasemi. Nimechoka, dada. Watufungie."

Generosa akafunga kinywa. Akamgeukia Innocent.

"Tukutane ndani," alisema.

* * *

Mzee Hilari, mwenyekiti wa kikao, mwalimu mkuu mstaafu asiyependa kelele, alimruhusu mgeni aanze. Innocent alizungumza vizuri. Kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa na projekta, na ukuta wote ukajaa ramani za kupendeza. Tufike, alisema, si kampuni ya usafirishaji. Ni daraja tu baina ya abiria na dereva. Na juu ya hofu kwamba mtu anaweza kuendesha kwa akaunti ya mwenzake, aliwaomba wajumbe watulie, kwa sababu mfumo humtambua binadamu aliye hai, kila asubuhi, bila kukosea.

"Daraja," alirudia Generosa aliposimama. "Daraja ambalo kila anayelivuka anawaachia ushuru. Likimtumbukiza mtu majini, mnasema hamlijui. Mheshimiwa mwenyekiti, naomba dereva mmoja aingie kazini mbele yako."

"Aje," alisema Mzee Hilari.

Pontien alipita mbele akiwa peku. Aliweka fremu juu ya meza, akaiegemeza kwenye jagi la maji, akaondoa kitenge.

Mnong'ono ulipita ukumbini. Wengi walikuwa wamemzika mtu yule.

Pontien akaiwasha simu, akaielekeza kwenye picha. Kisha ikazungumza kwa sauti ya kike, changamfu, iliyofika hadi viti vya nyuma:

"Karibu kazini, Arcade. Leo unaonekana vizuri."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Juu ya meza Arcade aliendelea kuwatazama wote, kila mmoja akidhani anatazamwa yeye.

"Huyu," alisema Generosa, "ndiye dereva ambaye rekodi inasema alimchukua mtoto wangu Ijumaa. Vijana hawa wamekosa, na mwenyekiti wao amesimama hapa mwenyewe kukiri. Waadhibiwe kwa kosa lao. Lakini anayesema hakosei ni yule aliyemfungulia marehemu mlango miezi mitatu na kumtakia siku njema. Namwomba atuonyeshe uso wa Ijumaa. Ijumaa picha hii haikufunuliwa."

"Ni taarifa binafsi za dereva," alisema Innocent. Tabasamu lilikuwa limemwacha. "Sheria inamlinda mwenye taarifa."

"Inamlinda marehemu?" aliuliza Mzee Hilari.

"Kwa mfumo wetu, mzee, si marehemu."

"Mfumo wako umetoka kusalimiana na fremu, kijana. Fungua."

Innocent aliwatazama wajumbe, akaitazama milango, akaona hana rafiki kokote. Vidole vyake vikaandika. Ukutani ramani zikaondoka, pakaja weupe mtupu. Halafu, kuanzia juu kushuka chini, polepole kama pazia linaloshushwa, uso ukatokea.

Kofia ya kitambaa iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Mashavu yaliyoingia ndani. Ndevu zisizonyolewa. Kovu jipya kutoka sikioni hadi kidevuni, bado lina wekundu. Midomo imeachana kidogo, kama ya mtu aliyetoka kukimbia.

Kisha macho.

Yalikuwa yale yale yaliyokuwa juu ya meza.

"Yesu wangu," alisema Pontien, akakaa chini sakafuni.

Arcade alikuwa mara mbili ukumbini: mmoja kwenye fremu, amenona, amenyoa, ametulia, mwingine ukutani, mkubwa kuliko mlango, hai. Na nyuma ya yule wa ukutani, bega la kulia, ulionekana msalaba wa mbao uliopakwa chokaa. Waliokaa karibu waliyasoma maandishi yake kwa sauti, kisha sauti zao zikakatika. Msalaba ulikuwa na jina lake.

Alijipiga picha kaburini kwake mwenyewe, kwa simu nyingine, halafu akaingia mjini kumchukua Queen.

Generosa alikumbuka siku ile ya mazishi kwa upya, na kila alichokikumbuka kilimgeuka. Jeneza halikufunguliwa. Lori lilikuwa limempitia mwendeshaji kwenye barabara ya Sitalike, hapakubaki uso wa kutambua. Palikuwa na reflekta, kofia na simu, na simu ilisema aliyekuwa kazini ni Arcade. Polisi walisoma simu. Ndugu walisoma simu. Kijiwe kizima kililia kwa kilichoandikwa kwenye simu.

"Mheshimiwa," alisema polepole, "hatukumtambua mtu tuliyemzika. Tulitambua akaunti."

Innocent alianza kuifunga kompyuta. Mzee Hilari akaweka fimbo yake juu ya vibonyezo.

"Iache."

Ndipo wote walipokumbuka kwamba ukumbini alikuwamo mjane. Watu walifungua njia, wakitarajia aanguke, na akina mama wawili wakanyanyuka kumdaka.

Candide hakuanguka. Alitembea katikati yao hadi mbele, akauinulia uso wake ule uso mkubwa wa ukutani, akautazama kama mke anavyomtazama mume aliyerudi safari, akikagua kola, akikagua macho.

"Hapo ana nafuu," alisema. "Jumapili nilipompelekea chakula alikuwa amekonda zaidi."

Claude, aliyekuwa mlangoni, alikumbuka hotpoti, akajishika mdomo.

"Mama Spès," alisema Generosa, na sauti yake haikuwa ya afisa tena. "Queen yuko naye?"

"Yuko naye. Mtoto alimtambua Arcade njiani. Mtoto uliyempeleka shule mwaka mzima atakosaje kukujua?"

"Yu hai?"

Candide aliichukua fremu juu ya meza, akaipangusa kwa kiganja, akailaza uso chini.

"Yu hai. Analala, anakula," alisema. "Lakini Arcade ameapa hamrudishi mpaka mtaje jina la yule mliyemlaza Litapunga mahali pake. Na anasema jina hilo mnalo humu ukumbini."

Akanyoosha kidole. Hakukielekeza kwa Pontien wala kwa Innocent, bali kwa mwenyekiti wa kikao.

Mzee Hilari, aliyekuwa bado ameegemea fimbo yake juu ya kompyuta, akaiondoa taratibu, akakaa.